Dawa ya kuyeyusha oili inayouzwa Dodoma: nimeitumia, na lile neno la lebo kuhusu bahari tuliongelee

Mbukwenyi wakuu. Hii ni kwa wenye gereji, waosha magari, mafundi pikipiki na yeyote hapa Dodoma ambaye ameshapitiwa na wale vijana wa mauzo wenye dumu la lita tano, dawa ya kijani ya kuyeyusha oili. Jina la bidhaa sitaji, kwa maelezo tu wengi mtaijua. Nimeitumia gerejini kwetu kuanzia kipindi cha joto mpaka ikaingia kipupwe, ule upepo wa mwezi wa sita na wa saba unaofanya mafundi waje kazini na makoti, kwahiyo ninachoandika nimekiona kwenye joto na kwenye baridi.

Nianze na mazuri maana yapo. Kwenye spea chafu hii kitu inafanya kazi. Injini ya Fuso iliyogandiwa na grisi imechanganyika na vumbi letu hili, unapaka kwa brashi, unasubiri kidogo, unasuuza, chuma kinaonekana. Zamani tulikuwa tunaoshea dizeli, inaacha utelezi alafu harufu inashinda mwilini mpaka unarudi nayo nyumbani, hii haina utelezi. Dumu ni elfu ishirini na mbili, kwa kuoshea spea tu linakaa muda. Mfuniko wake mzuri, haivuji hata ukilibeba kwenye boda. Hapo sina neno.

Shida ipo kwenye matumizi yale mengine, ambayo ndo hasa yanaiuza. Kijana wa mauzo alipokuja aliomba tumuoneshe sehemu yenye oili sakafuni, akamwagia dawa, akapiga brashi, akafungulia maji, sakafu ikatoka safi, mafundi wakapiga makofi kabisa. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, sasa hiyo oili imeenda wapi?" Akanijibu, "Dada hiyo imeshayeyuka, haipo tena. We acha iende tu mtaroni, haina madhara, hii ndo wanayotumia wazungu kusafisha bahari meli zikimwaga mafuta." Na kweli kwenye lebo kuna picha ya bahari ya buluu na samaki, na maneno kwamba ni teknolojia ile ile ya kusafishia mafuta baharini, salama kwa mazingira.

Sasa hayo maneno mawili, "teknolojia ya baharini" na "salama", yamewekwa pamoja kana kwamba moja linathibitisha lingine. Halithibitishi. Historia ya hizo dawa baharini inajulikana, hasa kwenye bahari za baridi, na mtu akiisoma hawezi kuichukua kama cheti cha usalama hata kidogo.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Hizi dawa kwa jina la kitaalamu ni dispasanti, yaani kemikali ya kutawanya mafuta. Ndani yake kuna safaktanti, kitu cha ukoo mmoja na sabuni, upande mmoja wa chembe yake unapenda mafuta na upande mwingine unapenda maji, na kuna kiyeyushi cha kuisaidia iingie ndani ya mafuta. Ikigusa oili inalegeza ule mshikamano, maji yakitikiswa oili inakatika kuwa vitone vidogo sana ambavyo havirudi juu haraka, vinabaki vinaelea ndani ya maji. Hakuna oili iliyopotea. Ilikuwa juu unaiona, sasa ipo ndani ya maji huioni. Kinachotarajiwa ni kwamba vitone vikiwa vidogo na bahari ikiwa kubwa, vitasambaa mpaka viwe hafifu na bakteria watavila taratibu.

Nilifanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Chupa mbili za jemu za kioo, kijiko kimoja cha oili chafu kila chupa, dawa kiasi kile kile, moja ina maji yaliyoshinda juani na nyingine maji yenye barafu. Ya juani nilipoitikisa maji yalibadilika mara moja yakawa kama chai ya maziwa, oili juu hakuna. Ya barafu oili ilikuwa nzito, imejikunja donge, dawa ikateleza pembeni ikaingia kwenye maji peke yake, donge likabaki donge, kwahiyo sasa una oili ile ile na juu yake una maji yenye kemikali. Kesho yake nikaziangalia, ile ya juani ina pete ya oili imerudi juu kwenye ukingo. Imeyeyuka wapi sasa?

Na hicho cha kwenye barafu ndicho kinachotokea kwenye bahari za baridi, kwa kipimo kikubwa. Mafuta yakipoa yanakuwa mazito, dawa haipenyi vizuri. Zile sehemu nyepesi ambazo kwenye joto zingepaa hewani haraka, kwenye baridi zinachelewa, na izo nyepesi ndo zenye sumu kali ya haraka. Bakteria wa kula mafuta hata huko Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia, wapo, waliozoea baridi, ila kazi inakwenda polepole kuliko kwenye maji ya uvuguvugu. Yaani kila kitu ambacho hiyo teknolojia inakitegemea, kwenye baridi kinapungua nguvu.

Nianze na Torrey Canyon maana ndo somo la kwanza kubwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta ilipanda mwamba karibu na Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza, ikiwa na tani kama 119,000 za mafuta ghafi. Serikali ikamwaga kama tani 10,000 za sabuni za viwandani juu ya mafuta, baharini na mpaka ufukweni kwenye miamba. Zile sabuni za wakati huo zilikuwa na viyeyushi vikali na zikaua kuliko mafuta yenyewe. Kuna konokono wa miambani wanaong'ang'ania jiwe, kazi yao kule ni kula mwani, ndo wanaouzuia usifunike mwamba wote. Walikufa kwa wingi, miamba ikageuka kijani kwa mwani, ikaharibika mpangilio mzima wa viumbe. Sehemu ambazo hazikumwagiwa sabuni zilirudi kwenye hali yake ndani ya miaka michache, ila zile zilizosafishwa kwa nguvu zilichukua zaidi ya miaka 10. Rudia kuisoma hiyo: palipoachwa na mafuta yake palipona mapema kuliko palipopigwa dawa.

Mtu atasema hiyo ya zamani, dawa za siku hizi zimeboreshwa. Ni kweli, dawa za baadae zenyewe zina sumu ndogo kuliko zile za 1967. Lakini swali halikuwa dawa peke yake, swali ni dawa ikiwa pamoja na mafuta. Ndani ya mafuta kuna kundi la kemikali zinaitwa polisaikliki aromatiki haidrokaboni, kwa kifupi PAH, zipo kwenye mafuta ghafi na kwenye oili chafu ya injini zinaongezeka kadri gari linavyotembea. Oili ikikaa juu kama utando, samaki aliye chini anakutana na kiasi kidogo. Ukiikata vitone milioni, eneo la kugusana na maji linakuwa kubwa mno, PAH nyingi zaidi zinaingia kwenye maji anayopumulia samaki, na vitone vyenyewe vina ukubwa ambao viumbe wadogo wanaochuja maji wanaweza kuvimeza kama chakula. Kwahiyo dawa isiyo kali inaweza kabisa kufanya mafuta yawe makali zaidi kwa anayeishi ndani ya maji.

Sasa Alaska, kule Marekani. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh Reef usiku wa tarehe 24 Machi 1989, ghuba ya Prince William Sound, ikamwaga zaidi ya lita milioni 40. Siku za mwanzo walijaribu dispasanti, ila bahari ilikuwa imetulia, hakuna mawimbi ya kuchanganya, na akiba ya dawa ilikuwa ndogo. Alafu dhoruba ikaja ikasambaza mafuta, mwisho yakagusa ufukwe wa kama kilomita 2,100. Makadirio ni ndege wa baharini 250,000, fisi maji wa baharini kama 2,800, sili 300, tai 250, nyangumi wauaji mpaka 22, na mayai ya samaki kwa mabilioni.

Hapa lazima niseme kwa haki kwanini wataalamu bado wanazitetea hizi dawa. Fisi maji wa baharini hana ule unene wa mafuta chini ya ngozi kama nyangumi, anategemea manyoya tu kuzuia baridi. Manyoya yakishika mafuta yanalala, maji ya barafu yanafika kwenye ngozi, mnyama anakufa kwa baridi. Ndege vivyo hivyo na manyoya yake. Kwahiyo ukiyaondoa mafuta juu ya maji unamuokoa ndege na fisi maji, na unaunusuru ufukwe. Ila unayapeleka kwa samaki, mayai na vidudu vya majini. Unachagua nani aumie. Wanaochagua hivyo baharini angalau wanakaa mezani wanapima, na wana masharti. Uingereza kwa mfano, huruhusiwi kumwaga dispasanti kwenye maji ya kina chini ya mita 20, wala ndani ya maili moja ya baharini kutoka kwenye maji ya kina hicho, mpaka upate kibali maalum, kwa sababu maji yakiwa machache hakuna pa kufifisha sumu. Mita ishirini! Na sisi tunaambiwa tumwage mtaroni.

Kilichoniuma zaidi kwenye habari ya Alaska ni mayai. Samoni wa pinki anataga kwenye changarawe mwisho wa kiangazi cha kule, mayai na vitoto vinakaa humo majira yote ya baridi mpaka baridi inapoisha. Kwenye maji baridi yai linakua taratibu, kwahiyo kama kuna mafuta yamejificha chini ya mawe, yai linakaa nayo miezi na miezi. Watafiti walikuja kuonesha kwamba PAH kwa kiasi cha maikrogramu tu kwa lita, kitu ambacho jicho haliwezi kuona, zinaharibu moyo wa kitoto cha samaki unapojengeka, kwa samoni na kwa heringi. Vingine vinakufa, vingine vinaishi ila moyo wao una kasoro na haviogelei kwa nguvu ya kawaida. Heringi wa ghuba ile waliporomoka mwaka 1993, wavuvi wakakosa kazi, chanzo bado kinabishaniwa maana kulikuwa na magonjwa pia. Na mafuta yenyewe, miongo miwili baadae watu walikuwa wanachimba ufukweni kwa koleo na kuyakuta chini ya changarawe yakiwa bado mabichi.

Ukipanda juu zaidi Aktiki kuna samaki mdogo anaitwa Boreogadus saida, mayai yake yanaelea chini ya barafu wiki nyingi kabla ya kuanguliwa, na mafuta yakimwagika chini ya barafu yanaenda kukaa hapo hapo. Kuna na kopepodi, vidudu kama uduvi mdogo, vya jamii ya Calanus, vyenyewe vinajaza mafuta mwilini ya kuishi nayo majira ya giza, na PAH zinapenda mafuta, zinaingia humo na kutoka ni kwa shida. Karibu kila kitu kule kinaanzia kwa hao, samaki anawala, ndege na sili wanamla samaki. Mtu akipima dawa maabara siku nne kwenye maji ya uvuguvugu, hivyo vidudu vya baridi vinaweza kuonekana vizima, athari yao inakuja kwa kuchelewa.

Na ile ajali ya mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ya Aprili 2010, Ghuba ya Mexico, watu 11 walikufa na mafuta yalitoka siku 87. Huko juu ni joto, lakini kisima kilikuwa chini mita 1,500 ambako maji ni ya nyuzi kama 4 au 5 tu. Zilitumika lita kama milioni 7 za dispasanti, kama milioni 3 kati yake zilisukumwa huko huko chini kwenye mdomo wa kisima. Watafiti waliofuatilia safaktanti mojawapo ya dawa ile waliikuta bado ipo kwenye maji ya kina kama miezi miwili baada ya kuacha kuimwaga huko chini. Hiyo ndo "teknolojia ya baharini" ninayotakiwa niiamini kwa sababu ya picha ya samaki.

Turudi nyumbani. Hapa hatuna bahari, tuna makorongo. Mwaka mzima kavu, alafu mvua ikipiga Desemba au Januari kila kilichomwagwa mitaroni miezi yote kinabebwa kwa mkupuo mmoja. Mjini hapa tunajua watu wanaonyweshea ng'ombe na mbuzi kwenye madimbwi ya korongo, na vijijini mchanga wa mto ukikauka wanachimba visima vya mchangani wanateka maji ya kupikia. Maji ya bomba mengi ya Dodoma yanatoka chini ya ardhi, visima vya Makutupora kule Mzakwe, na kumbukumbu za kisima zilizoanza miaka ya 1950 zinaonesha bonde lile halijazwi kila mwaka, linajazwa na mvua kubwa za mara chache kama zile za El Niño za 1997 na 1998. Sisi ni watu tunaoishi kwa maji yaliyosubiriwa miaka. Oili ikiwa donge juu ya zege au juu ya udongo, inashika hapo, unaikwangua. Ukiipiga dawa ukaifanya vitone, inatembea na maji popote yanapokwenda. Dawa imekuondolea kile kitu kimoja kilichokuwa kinakusaidia, yaani oili kukaa pamoja.

Alafu kuna hili la viungo. Dumu langu halina orodha ya kilichomo. Hakuna. Dispasanti moja iliyotumika Marekani ilikuwa na kiyeyushi kinaitwa 2-butoksiethanoli, na hicho hicho kipo kwenye dawa nyingi za kuondolea grisi duniani, kinapita kwenye ngozi, na kwa panya wa maabara kinapasua chembe nyekundu za damu. Vijana wangu wanaosha spea mikono mitupu. Nina haki ya kujua kama kimo au hakimo. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu 2003, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo hapa hapa Dodoma, kwahiyo muuzaji hana sababu ya kutuletea dumu lenye picha ya samaki lisilo na jina la kemikali hata moja. Nilimpigia nikamuomba karatasi ya usalama ya bidhaa, akasema ataituma, bado.

Na kwa wadau wa Kondoa na Chemba, hii inawagusa kwa namna yake. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kwenda Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, linapita kwenu, na mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba lazima yapashwe joto la nyuzi 50 hivi ndo yatembee. Yakitoka nje ya bomba yakapoa yanaganda. Kitu kilichoganda kinakusanywa kwa koleo. Akitokea mtu siku yoyote na dawa ya kijani anasema mwaga hii iyeyuke, muulizeni inaenda wapi, na msikubali jibu la "haipo tena".

Tunachofanya sasa gerejini: oili ikimwagika tunamwaga maranda ya mbao au pumba za mpunga, fundi anasugua kwa ufagio mgumu, ikishika tunazoa tunaweka kwenye pipa lenye mfuniko, haziendi kuwa kuni za mama ntilie maana moshi wake ni sumu. Maranda unayapata kwa mafundi seremala kwa bei ya kawaida, wengine wanakupa bure. Sakafu haitoki nyeupe kama kwa dawa, inabaki na doa, na wateja wawili watatu wameuliza kwanini gereji imechafuka. Nawaeleza. Dawa inatumika kwenye spea tu, ndani ya beseni, kwa glavu, na yale maji tunayahifadhi kwenye pipa lake tofauti, hayachanganywi na oili chafu maana yakiingia humo wanaonunua oili chafu wanaikataa.

Kwa kuosha spea ndani ya beseni naipa nyota nne kati ya tano. Kwa sakafu na oili iliyomwagika nje siipi hata moja na siwashauri mnunue kwa kazi hiyo. Ya jumla weka mbili. Mwenye mzigo kama anasoma hapa, toa ile picha ya samaki, andika viungo, andika "usimwage mtaroni", mimi nitakuja hapa hapa kuongeza nyota.